Mchango Wako kwa Kijiji cha India: Kwa Nini Benki Huurudisha

Katika miezi ya karibuni dawati letu la ushauri kwa wachangiaji limepokea malalamiko mengi yanayofanana. Jamaa wamechangishana, wakapeleka fedha kwa zahanati, shule au kikundi cha akina mama katika kijiji fulani cha India, na baada ya wiki kadhaa fedha zimerudi zikiwa zimekatwa ada za benki na bila maelezo yanayoeleweka. Wengi wanaotuandikia wana asili yao katika vijiji hivyo, hasa vya jimbo la Gujarat na wilaya yake ya Kutch, ambayo wazee wa Pwani huiita Kachi. Wengine walimpeleka mgonjwa kutibiwa huko, wakatembea nje ya miji mikubwa na kuguswa na hali waliyoiona. Hatutilii shaka nia zao. Kilichokwamisha fedha zao ni sheria, nayo inaelezeka.

Mchango wowote unaotoka kwa mtu asiye raia wa India unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Michango ya Kigeni ya mwaka 2010, ambayo ilichukua nafasi ya ile ya 1976 na kufanyiwa marekebisho makubwa mwezi Septemba 2020. Msimamizi wake ni Wizara ya Mambo ya Ndani, wala si ya Afya au ya Elimu, na hilo peke yake linaonyesha serikali ya huko inazitazama fedha hizi kwa jicho gani. Taasisi inayotaka kuzipokea lazima iwe na mojawapo ya mambo mawili: cheti cha usajili, ambacho hudumu kwa miaka 5, au kibali cha awali, ambacho hutolewa kwa mchango mmoja unaojulikana, pamoja na mtoaji wake, kiasi chake na kazi yake. Ili isajiliwe, taasisi inapaswa kuwa imekuwapo kwa muda usiopungua miaka 3 na kuwa imetumia angalau rupia laki 15 kwa shughuli zake za msingi katika miaka 3 iliyotangulia. Laki yao ndiyo laki yetu, yaani 100,000. Neno lenyewe tumelipata kwao.

Tangu marekebisho ya 2020, fedha zote za namna hii huingia kwanza katika akaunti maalumu ambayo kila taasisi hulazimika kuifungua katika tawi kuu la State Bank of India jijini New Delhi, hata kama kijiji kinachohusika kiko Tamil Nadu, kusini kabisa. Zikishafika hapo, taasisi inaweza kuzihamishia akaunti nyingine iliyo karibu na kazi zake. Fedha zilizoelekezwa moja kwa moja kwenye akaunti ya kawaida ya taasisi hazina pa kukaa, nazo ndizo zinazorudi.

Swali tunaloulizwa karibu kila wiki ni hili: ikiwa mtu alilipa hospitali ya Chennai kwa siku moja bila usumbufu, iweje zahanati ya kijijini ishindwe kupokea kiasi kidogo kuliko hicho? Jibu ni kwamba ada ya matibabu, kama karo ya mwanafunzi, ni malipo ya huduma na sheria haiihesabu kuwa mchango. Tumelieleza jambo hili mara nyingi, na inaelekea tutaendelea kulieleza.

Lipo pia dai kwamba mwenye asili ya India si mgeni. Sheria hii haiulizi babu yako alizaliwa wapi. Inaangalia uraia, na raia wa Tanzania au Kenya ni chanzo cha kigeni hata akiwa na kadi inayotolewa na serikali ya India kwa watu wenye asili ya huko, na hata akikabidhi rupia mkononi akiwa amesimama katika uwanja wa shule ya kijiji. Kinyume chake, mwenye pasipoti ya India anayefanya kazi Nairobi au Muscat akitoa akiba yake mwenyewe kupitia benki hahesabiwi kuwa mtoaji wa kigeni. Hapa ndipo baadhi ya watu hujiona werevu: hukusanya michango ya marafiki na kumpa mwenzao huyo aitume kwa jina lake. Tafadhali msifanye hivyo. Fedha hizo si akiba yake, na atakayetakiwa kujieleza ni taasisi iliyozipokea.

Njia nyingine iliyozoeleka ilifungwa mwaka 2020. Zamani taasisi kubwa yenye cheti iliweza kupokea fedha za nje na kuvigawia vikundi vidogo vya vijijini vilivyosajiliwa; kifungu cha 7 sasa kinakataza kabisa mpokeaji kumhamishia mtu au taasisi nyingine mchango wa kigeni. Mwezi Aprili 2022 Mahakama ya Juu ya India iliyakubali marekebisho hayo. Kwa maoni yetu, waliobeba uzito mkubwa zaidi ni wale walio karibu na wanakijiji, ambao hawana mhasibu wala mtu wa kujaza fomu. Lakini hayo ni maoni, na sheria inabaki ilivyo.

Adhabu zinastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu wachangiaji hudhani hasara ni ada ya benki tu. Kupokea mchango kinyume cha sheria kunaweza kumletea kiongozi wa taasisi kifungo cha hadi miaka 5, faini, au vyote viwili, na anayesaidia kuupokea huingia katika kosa hilohilo. Cheti kinaweza kusimamishwa kwa siku 180, kisha kwa siku nyingine zisizozidi 180, na katika muda huo taasisi inaweza kutumia hadi robo tu ya fedha za kigeni ilizobakiza, tena kwa idhini ya wizara. Cheti kikifutwa, taasisi haiwezi kuomba usajili wala kibali kwa miaka 3, na mali iliyonunuliwa kwa fedha za nje huwekwa chini ya mamlaka iliyoteuliwa. Fikirieni zahanati inayohudumia vijiji 10 ikisimama mwaka mzima kwa sababu ya fedha ambazo hata hazikufika.

Malalamiko mengine yanahusu matumizi. Sheria inaitaka taasisi isitumie zaidi ya asilimia 20 ya michango ya kigeni kwa gharama za utawala. Kabla ya 2020 kiwango kilikuwa asilimia 50. Wapo wanaosoma hesabu za mwaka, wakaona mishahara, wakapiga kelele kwamba wameibiwa. Mshahara wa daktari katika hospitali ya taasisi au wa mwalimu katika shule yake hauhesabiwi kuwa gharama ya utawala, kwa sababu watu hao ndio kazi yenyewe. Huko Jamkhed, Maharashtra, tangu mwaka 1970 mradi wa afya ulioanzishwa na madaktari Rajanikant na Mabelle Arole uliwafundisha wanawake wa vijijini, wengi wao wasiojua kusoma, kuwa wahudumu wa afya wa vijiji vyao. Katika wilaya ya Gadchiroli, katika jimbo hilohilo, madaktari Abhay na Rani Bang waliwafundisha wanawake kumtembelea mtoto mchanga nyumbani, kuhesabu pumzi zake, kutambua maambukizi na kuyatibu kwa antibiotiki. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 yalionyesha vifo vya watoto wachanga vimepungua kwa asilimia 62 katika vijiji 39 vya mradi. Baadaye serikali iliingiza matembezi hayo katika kazi za wahudumu wa jamii nchi nzima. Hakuna jengo la kupiga picha katika habari hiyo. Kuna posho, mafunzo na usimamizi.

Vivyo hivyo na dengu. Mchangiaji mmoja alituuliza kwa hasira kwa nini fedha za chanjo zinunue chakula. Katika wilaya ya Udaipur, Rajasthan, taasisi ya Seva Mandir na watafiti walijaribu jambo hilo: vijiji visivyoguswa vilikuwa na asilimia 6 ya watoto waliokamilisha chanjo, vilivyoletewa kambi za chanjo kila mwezi vilifika asilimia 18, na vile ambako mzazi alipewa pia kilo moja ya dengu kila mtoto alipochanjwa vilifika asilimia 39.

Kuhusu vifaa na dawa tutasema machache. Vitu navyo ni mchango chini ya sheria hii na huandikwa thamani yake, kwa hiyo kupeleka sanduku badala ya fedha hakumwepushi mtu na chochote. Dawa ziwe zimebakiza angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda zinapofika, kama miongozo ya Shirika la Afya Duniani inavyotaka. Mabaki ya kabati la nyumbani yaacheni nyumbani.

Aliyerudishiwa fedha asizitume tena kwa akaunti ya mtu binafsi. Kaka au dada wa kijijini anaruhusiwa kupokea kutoka kwa ndugu yake wa nje hadi rupia laki 10 kwa mwaka bila kuitaarifu serikali, lakini hizo ni zake na hazigeuki kuwa za zahanati kwa maneno ya kwenye simu. Iandikieni taasisi, muombe nakala ya cheti na muangalie tarehe ya mwisho, kwa kuwa maombi ya kukihuisha hupaswa kupelekwa ndani ya miezi 6 kabla hakijaisha. Ombeni pia taarifa yake ya karibuni ya hesabu za michango ya kigeni, ambayo huwasilishwa serikalini kila mwaka ndani ya miezi 9 baada ya mwaka wa fedha kufungwa tarehe 31 Machi.

Ikiwa taasisi inategemea kibali cha awali, itawaomba barua ya ahadi. Barua nyingi tunazoonyeshwa zimeandikwa "kwa ajili ya maskini", na maombi yake hukwama. Sheria inatambua makundi matano ya malengo: utamaduni, uchumi, elimu, dini na jamii. Afya ya kijiji huwekwa chini ya jamii. Andikeni hivyo, kisha mtaje kijiji, kazi yenyewe na kiasi kamili, kwa jina lilelile lililo katika pasipoti yenu.