Ukipangwa na mwenye Elo kubwa, usikimbilie kubadilishana kete

Wanafunzi wangu wa sataranji wakipangwa na mtu aliyewazidi kiwango, wengi huanza kubadilishana kete mapema wakitafuta sare. Nalipinga hilo kila siku. Kete zikibaki chache, kinachoamua ni ufundi wa kumalizia, na hapo ndipo aliye juu anapomwacha mwenzake mbali. Kwa hesabu za Elo, yaani pointi zinazopima kiwango cha mchezaji, tofauti ya pointi 200 humwachia wa chini matarajio ya alama 24 hivi katika kila 100, sare zikiwemo. Ushindi wake huwa unajificha kwenye ubao uliovurugika.

Mchezo ninaoutumia kufundishia ni wa New York, tarehe 17 Oktoba 1956. Donald Byrne alikuwa miongoni mwa wachezaji wakubwa wa Marekani. Mwenye kete nyeusi, Bobby Fischer, alikuwa na miaka 13. Wengi husifu hatua ya 17, Fischer alipomwacha malkia wake aliwe. Mimi naona mambo yaliamuliwa hatua ya 11. Byrne alimtoa askofu mraba wa f4 (herufi hutaja mstari wa wima, namba wa mlalo) akampeleka g5, kete ileile kwa mara ya pili, na mfalme wake angali katikati. Fischer akamrusha farasi a4, mahali anapoonekana kuliwa bure. Akiliwa, farasi wa pili anakula kitunda, kete ndogo, cha e4 na kuwatisha malkia na askofu kwa mpigo. Uzuri ulioje! Byrne akamrudisha malkia a3, lakini e4 ikaliwa vilevile, mstari wa e ukafunguka, na ngome nyeusi ikampiga shaha, yaani ikamtishia, mfalme ambaye hakuwahi kukimbilia pembeni.

Kwa malkia wake Fischer alipata ngome, maaskofu wawili na kitunda. Mati, yaani shaha ambayo mfalme hana pa kuikwepa, ikaja hatua ya 41.

Sasa panga ubao ulivyokuwa hatua ya 17, askofu mweusi akiwa e6, umle kwa askofu wa c4 badala ya kumla malkia. Malkia mweusi anashuka b5, shaha. Mfalme g1, farasi e2, shaha. Mfalme f1; farasi g3, shaha mbili kwa pamoja. Mfalme g1; malkia anajitupa f1, ngome inalazimika kumla, na farasi anarudi e2: mati, mfalme kazibwa na kete zake mwenyewe.