Ude ni yori o kakeru: mkono wenye msokoto

Wanafunzi wangu wa lugha ya Kijapani wakifika kwenye msemo "ude ni yori o kakeru", wengi hukwama kwenye "yori". Wamezoea yori ya kulinganisha, ile ya "kuliko", basi wanadhani huu ni mkono unaoshinda mikono mingine. Sivyo. Yori hii ni ya wasokotaji wa nyuzi, ni ule msokoto wenyewe. Unautia mkono wako msokoto, yaani unakusanya ufundi wako wote kwa ajili ya kazi iliyo mbele yako.

Uzi mmoja wa hariri ni dhaifu. Nyuzi kadhaa zikisokotwa pamoja hazikatiki ovyo. Wajapani walisokota hata karatasi. Ukanda mwembamba wa washi, karatasi yao ya jadi, ukisokotwa huwa koyori, kijikamba kigumu cha kufungia nyaraka. Koyori ikipakwa gundi na kukaushwa ndiyo hutengenezewa mizuhiki, zile kamba za mapambo kwenye bahasha za pesa za harusi. Na msokoto huohuo umo katika "yori o modosu", kuurudisha msokoto, unaosemwa wapenzi walioachana wanaporudiana. (Huu wanafunzi hawausahau kamwe.)

Msemo wetu makao yake hasa ni jikoni. Utausikia kwa mwenyeji aliyeandaa chakula cha wageni, utausoma kwenye matangazo ya mikahawa. Usiuchanganye na "ude o furuu", ambao ni kule kuuonyesha ufundi wenyewe, mkono ukiwa kazini. Wala na "ude ga naru", mkono unalia, yaani mtu anawashwa na hamu ya kuanza.

Je, ni majivuno? Mimi naona sivyo. Msemaji anajisifia bidii, hajisifii ladha. Ndiyo maana mpishi yuleyule anaweza kuongeza, bila kujipinga, "okuchi ni au ka dō ka wakarimasen ga": sijui kama kitakupendezeni. Wa kujigamba wana neno lao, jiman, na hata hilo halina aibu kila mahali: kipindi cha NHK, shirika la utangazaji la Japani, cha waimbaji wa ridhaa, kilichoanza redioni 1946, kinaitwa Nodo Jiman, majivuno ya koo.

Ila usiutumie kwa kazi ndogo. Aliyemimina maji moto kwenye tambi za kikombe, kisha akatangaza "ude ni yori o kakemashita", watu watajua anatania.