Kisima chako hakikutoi kwenye mgao

Wiki iliyopita nimeisikia tena, na huyu ni meneja wa kiwanda wa tatu mwaka huu: "Injinia, habari za mgao waambie wanaotegemea DAWASA. Sisi tuna visima." DAWASA ndiyo mamlaka ya maji ya Dar es Salaam. Nimechoka na kauli hiyo, kwa hiyo leo naiandikia.

Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipopungua, uzalishaji wa maji Dar es Salaam ulishuka kutoka lita milioni 466 kwa siku hadi milioni 300. Wenye visima waliendelea na kazi, na hapo imani hii ikaota mizizi. Lakini jiji hili liko pwani. Ukivuta kupita kiasi maji yasiyo na chumvi chini ya ardhi, ya bahari yanasogea kujaza nafasi. Mafundi wa pampu wanalijua hilo kuliko mimi.

Kinachonikera ni kwamba hakuna anayepiga hesabu ya chumvi hiyo ndani ya kiwanda chake. Chukua mnara wa kupozea maji yanayozunguka kwenye mitambo, unaopoteza yuniti 100 kwa siku kwa mvuke. Mvuke unaondoka, chumvi inabaki kwenye beseni. Tuseme kikomo chako humo ni TDS 2,400, yaani miligramu za chumvi zilizoyeyuka katika kila lita. Kisima kikiwa na 600, unayaacha maji yakolee mara nne: unaongeza yuniti 133, unamwaga 33. Kisima kikifika 1,200, yanakolea mara mbili tu: unaongeza 200, unamwaga 100. Mnara ni uleule, bidhaa ni zilezile. Kisima kinavyozidi kuharibika ndivyo unavyokidai maji zaidi, na unavyokidai zaidi ndivyo kinavyoharibika. Huo nao ni mgao, ila hautangazwi redioni.

Kwa meneja huyohuyo nilikuta vali ya blodauni, ile ya kumwaga maji yaliyokolea chumvi, imefungwa waya ili ibaki wazi. Maji ya vuguvugu yanatiririka mtaroni, kingo nyeupe kwa chokaa. Nikazamisha mita ya TDS: kisima 610, beseni 1,190, yaani yanakolea karibu mara mbili tu. Karibu nusu ya maji anayoyasukuma kwa umeme wake yanaishia mtaroni. Kijana wa zamu akaniambia, "Nikiifunga, injinia, mabomba yanaziba, na lawama ni zangu." Ana haki. Dawa ya kuzuia magamba, yaani chokaa inayoganda ndani ya mabomba, iliisha miezi miwili nyuma na hakuna aliyeagiza nyingine. Hapo hapahitajiki RO, yaani kuchuja chumvi kwa utando, wala mtambo wa mabilioni. Panahitajika dawa, na kidhibiti cha kuifungua vali TDS ikifika kikomo.

Kondensati ya boila, yaani mvuke uliogeuka tena maji, irudishe, inakuokolea na mafuta. Maji ya suuza ya mwisho yakafanye suuza ya kwanza. Sina zaidi la kusema hapo.

Sasa sera. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inadai kibali cha kutumia maji, na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu inatoza ada. Nyenzo ipo. Tatizo ni kwamba ada ya yuniti moja ya kisima ni ndogo mno mbele ya bili ya DAWASA, kwa hiyo maji yanayochukua muda mrefu zaidi kurudi ndiyo ya bei rahisi kuliko yote. Durban walianza 2001 kusafisha majitaka ya jiji, hadi lita milioni 47.5 kwa siku, na kuyauzia kiwanda cha karatasi cha Mondi na kiwanda cha kusafisha mafuta. Wanunuzi walivutwa na bei iliyo chini ya ile ya maji ya kunywa.

Lakini kulazimisha kila kiwanda kurudisha kila tone kunanitia hofu. Kule Tiruppur, India, mahakama ilifunga viwanda vya kutia nguo rangi mwaka 2011 kwa sababu ya majitaka. Vilivyorudi kazini bila kumwaga tone nje vikabaki na malundo ya chumvi mchanganyiko. Amri kama hiyo ikija hapa kesho, chumvi inayobaki baada ya RO sijui nitamwambia mteja aipeleke wapi.

Nilipomaliza kumweleza meneja, aliuliza swali moja tu: hela ya kidhibiti na dawa itarudi lini? Nikapiga hesabu kwa bei ya DAWASA, ikamvutia. Akaniomba nipige kwa ada anayolipia kisima. Nikapiga, nikamgeuzia daftari asome mwenyewe, na vali ikabaki na waya wake.