Mkondo wa bahari haukuvuti chini
Wengi tumekua tukiambiwa kwamba baharini kuna mkondo unaomshika mwogeleaji na kumzamisha hadi chini. Mkondo upo kweli, ila haufanyi hivyo. Humpeleka mtu mbali na ufuo, akiwa bado juu ya maji.

Mawimbi yakivunjika hurundika maji karibu na nchi kavu. Maji hayo hutafuta njia ya kurudi, na mara nyingi huipata penye pengo kati ya mafungu ya mchanga, au kando ya gati na miamba. Hapo huweza kwenda kasi ya zaidi ya mita 2 kwa sekunde, kasi ambayo hata bingwa wa Olimpiki huimudu kwa muda mfupi tu. Kinachoua ni uchovu na hofu ya anayepambana kurudi moja kwa moja alikotoka.

Ukinaswa, elea, pumua, inua mkono kuomba msaada. Mkondo kwa kawaida hulegea ukishapita mawimbi yanayovunjika. Ukiwa na nguvu, ogelea sambamba na ufuo hadi penye povu jeupe, kisha rudi na mawimbi.

Kinachonisikitisha zaidi ni hiki: ile sehemu tulivu isiyo na povu, ambayo wazazi huwachagulia watoto, mara nyingi ndipo mkondo unapopita. Na ukimwona mtu anachukuliwa, usimfuate mikono mitupu. Mwite mlinzi wa ufuo, mrushie boya, au hata dumu tupu lililofungwa kifuniko.