Gesi inanuka jikoni: maswali na majibu kabla hujagusa swichi

Swali: Nimeamka usiku naingia jikoni nakutana na harufu ya gesi, nianze na nini?

Jibu: Usiwashe taa. Najua mkono unaenda wenyewe kwenye swichi maana ni giza, ila ndo hapo watu wanaungua, swichi ikibonyezwa inatoa cheche ndogo huko ndani hata kama huioni na gesi haidai zaidi ya hiyo. Taa ikiwa tayari inawaka iache ivoivo, kuzima nako kunatoa cheche. Feni usiguse, plagi usichomoe, tochi ya simu usiwashe. Funga koki za jiko, funga valvu ya mtungi kama unaifikia vizuri, achia milango na madirisha, amsha kila mtu mtoke, na simu ya zimamoto au ya fundi upige ukiwa nje mbali na nyumba. Harufu ikiwa kali sana au ukasikia mtungi unapuliza ssss, achana na valvu, toka na watu wako. Friji watu wanaisahau kabisa, ile inajiwasha yenyewe kila baada ya muda na hapo huwezi kuichomoa, kwa hiyo msirudi ndani eti kuchukua kitu kimoja tu.

Swali: Mbona nikiinama naisikia halafu nikisimama inapotea?

Jibu: Hili swali nalipenda maana wengi wanadhani pua imewadanganya. Gesi ya mtungi ni propani na butani, na zote ni nzito kuliko hewa, propani kama mara moja na nusu, butani kama mara mbili. Ikivuja inashuka, inatambaa sakafuni, inajikusanya chini ya kabati na kwenye kona, sasa pua yako iko juu na yenyewe iko miguuni. Mimi niliwahi kubadilisha mtungi nikapika nikamaliza bila kuhisi chochote, kijiko kikaanguka, nimeinama kukiokota ndo harufu ikanipiga usoni. Kumbe kile kipira cha mduara kinachokaa kwenye mdomo wa valvu kilikuwa kimechanika upande mmoja, kipande kidogo kama kucha ya mtoto. Tangu siku hiyo nikibadilisha mtungi lazima nichuchumae ninuse chini.

Ndo maana pia dirisha la juu peke yake halitoshi, mlango nao uwe wazi ili ya chini ipate pa kutokea, na mtungi usiuweke kwenye chumba cha chini ya ardhi wala karibu na shimo la maji machafu. Hewa ikishakuwa na gesi hii kama asilimia 2 tu inaweza kulipuka. Gesi asilia inayokuja kwa bomba yenyewe ni nyepesi, inapanda juu darini, lakini habari ya swichi ni ileile.

Swali: Siku hizi siisikii tena ile harufu, ina maana imeacha kuvuja?

Jibu: Hapana, usitulie. Gesi yenyewe haina harufu, ile ya mayai yaliyooza ni kemikali inayowekwa makusudi, inaitwa merkaptani, ili ukisikia ujue. Sasa pua ikikaa na harufu muda mrefu inaizoea inaacha kukwambia, na mwenye mafua au mzee anaweza asisikie tangu mwanzo. Toka nje dakika kadhaa, au muite mtu anayetoka nje anuse mlangoni.

Swali: Nahisi inavuja kidogo ila sijui wapi, napimaje?

Jibu: Povu la sabuni. Kiberiti au laita hapana, tena hapana, wapo wanaopitisha moto kwenye mpira kuangalia pa kuvujia na wanaona ni ufundi. Hii ni kwa ile harufu hafifu na jikoni hewa inapita, ikiwa kali rudi kwenye jibu la kwanza. Changanya sabuni ya kuoshea vyombo na maji mpaka itoe povu, koki za jiko ziwe zimefungwa, fungua valvu ya mtungi, halafu paka kwa sponji pale regulata inapokaa kwenye mtungi, ncha mbili za mpira, na mpira wote taratibu. Usikimbilie kuondoka, angalia, panapovuja povu linavimba polepole linakuwa puto dogo, linapasuka, linavimba tena palepale. Ukiona hivo funga valvu na usiifungue mpaka kilichoharibika kimebadilishwa. Kuzungushia selotepu sio matengenezo. Na mpira ukiukunja kidogo ukaona mipasuko midogo midogo, tupa, hata kama bado hauvuji.

Swali: Gesi ikikaribia kuisha naweza kuulaza mtungi?

Jibu: Usiulaze. Humo ndani gesi ni kimiminika, ukiulaza kinatoka hicho kimiminika badala ya mvuke, na lita moja yake ikigeuka mvuke inakuwa zaidi ya lita 200. Ikikumwagikia mkononi inaunguza kwa baridi.

Swali: Moto wangu umekuwa wa njano, sufuria zinapata masizi na nikipika kichwa kinauma, vinahusiana?

Jibu: Vinaweza kuhusiana kabisa. Moto mzuri ni wa bluu, ukiwa wa njano gesi haiungui vizuri na hapo inatoka kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na inashika kwenye damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, na wenzako humo ndani wanalalamika hivohivo halafu mkitoka nje mnapata nafuu, hiyo ni dalili kubwa. Zima, tokeni, nendeni hospitali na mumwambie daktari mlikuwa na jiko linawaka ndani. Baadae jiko lisafishwe matundu, na tafadhali usilitumie kupasha chumba joto.

Swali: Mtu akiungua nimpake nini?

Jibu: Usimpake kitu, sio dawa ya meno, sio mafuta, sio yai. Maji ya bomba ya kawaida yanayotiririka, dakika 20 kamili, ni ndefu mno akiwa analia ila vumilia nae. Mvue pete na saa kabla hajavimba, nguo iliyogandia kwenye ngozi usiivute, funika na kitambaa safi umpeleke hospitali, na kama ni usoni au alivuta ule moto kifuani mpeleke hata kama anasema yuko sawa.