Salsa ya matunda ni nini, na kwa nini si saladi

Salsa ya matunda ni matunda yasiyopikwa, yaliyokatwa vipande vidogo, yakachanganywa na kitunguu, pilipili kali, majani ya giligilani, maji ya ndimu na chumvi, kisha yakawekwa pembeni ya chakula kingine: samaki wa kuchoma, mishkaki, kuku, mhogo wa kukaanga, hata chapati. Hayo maneno "pembeni ya chakula kingine" ndiyo yanayobeba maana. Saladi ya matunda unakaa nayo na kijiko mpaka bakuli liishe. Salsa unaichota kidogo kidogo, kila tonge na chake, kwa kuwa chumvi, uchachu na ukali wake vimepimwa kwa mdomo wenye nyama au samaki ndani.

Mimi nililielewa hilo kwa aibu kidogo. Msimu mmoja wa maembe nilikuwa Tanga kwa shangazi yangu, nikajitia fundi. Asubuhi na mapema nikakatakata maembe, nikatia kila kitu pamoja na chumvi, nikafunika bakuli nikaenda zangu. Mchana samaki wametoka jikoni, nafunua: vipande vinaelea kwenye maji ya rangi ya chungwa, vimelegea kama vilivyochemshwa. Shangazi akachota, akaonja, akanitazama.

"Mwanangu, hii si kachumbari umeitia embe?"

"Ni salsa, shangazi."

"Salsa si ile dansi ya kuzungushana?" Akacheka, kisha akayamimina yale maji juu ya wali wake. "Ila mchuzi wake mtamu."

Shangazi hakukosea, si kwa kachumbari wala kwa dansi. Salsa ni neno la Kihispania, na maana yake ni sosi tu. Linatoka kwenye Kilatini, ambako lilimaanisha kitu kilichotiwa chumvi. Chumvi yenyewe kwa Kilatini ni sal. Mzizi huohuo ukapita Ufaransa na Uingereza ukatufikia sisi kwa jina la sosi, na ukazaa pia saladi. Kwa hiyo salsa, sosi na saladi ni watoto wa mama mmoja, na mama huyo ni chumvi. Dansi ililichukua jina jikoni: miaka ya 1960 na 1970, muziki wenye asili ya Kuba uliokuwa ukipigwa na Walatino wa New York ulianza kuuzwa kwa jina hilo, kama kusema una ladha, umekolea.

Huko Meksiko, ambako ndiko nyumbani kwa salsa tunayoizungumzia, neno hili ni pana kuliko tunavyolisikia sisi. Sosi ya soya ni salsa. Sosi nyeupe ya maziwa na unga ni salsa. Ukimwomba mwenye mgahawa salsa bila kufafanua, atakuuliza ipi. Na chakula chenyewe ni kikongwe kuliko jina lake. Kabla Wahispania hawajaingia mwaka 1519, wenyeji waliozungumza Kinahuatl walikuwa na neno lao, molli, ambalo bado limo ndani ya guacamole: ahuacatl ni parachichi, ahuacamolli ni sosi ya parachichi. Mtawa Bernardino de Sahagún, aliyeandika habari za maisha ya Waazteki, ndio hao wenyeji, katika karne ya 16, anawataja wauzaji wa sosi sokoni, wenye sosi za pilipili, za nyanya, za mbegu za maboga. Zilisagwa kwenye molcajete, kinu kipana cha jiwe la volkano chenye miguu mitatu, ambacho hadi leo kinapatikana katika majiko ya Meksiko.

Aina ya salsa inayotuhusu hapa ni ile mbichi, isiyoona moto wala kinu, inayokatwa kwa kisu. Wameksiko huiita salsa mexicana, au pico de gallo, yaani mdomo wa jogoo. Hiyo ya kawaida ni nyanya, kitunguu, pilipili, giligilani na ndimu, na hapo ndipo Mswahili yeyote anaposema: hii si kachumbari? Kwa kweli zimefanana mno, ingawa kachumbari yetu jina lake limetoka Uhindi, wala si Meksiko. Mkienda mbele kidogo mtaona pia kwamba nyanya na pilipili za kachumbari asili yake ni bara la Amerika, na zilivuka bahari baada ya safari za Wareno na Wahispania. Nanasi na papai vilevile. Embe lilikwenda njia ya kinyume. Ni mti wa Asia, na Meksiko lilifika kwa meli za Wahispania zilizokuwa zikisafiri kati ya Manila kule Ufilipino na Acapulco, bandari ya Meksiko, kuanzia 1565 hadi 1815. Ndiyo maana mpaka leo aina moja ya embe la Meksiko inaitwa Manila. Kwa hiyo bakuli la salsa ya embe yenye pilipili ni bahari mbili zilizokutana, na ukiila pwani unaongeza ya tatu.

Tunda ndani ya salsa si uzushi wa mikahawa ya kisasa, ingawa salsa ya embe juu ya samaki ilipata umaarufu mkubwa kupitia mikahawa ya Marekani. Katika jimbo la Jalisco, ukiagiza pico de gallo unaweza kuletewa matunda: machungwa, matango, na jikama, mzizi mnene wenye utamu kidogo unaoliwa mbichi, vyote vimenyunyiziwa ndimu, chumvi na unga wa pilipili. Na Yucatán, rasi ya kusini-mashariki mwa Meksiko, wana salsa iitwayo xnipec, maana yake kwa Kimaya ni pua ya mbwa, kwa sababu pilipili yake inakufanya utokwe kamasi hadi pua ilowe kama ya mbwa. Hiyo hutiwa maji ya danzi badala ya ndimu. Danzi hilihili la kwetu, lile chungu-chachu ambalo watoto wa siku hizi hawalijui tena.

Wala ladha yenyewe si ngeni kwetu. Anayekula embe bichi la vipande lililopakwa chumvi na pilipili nje ya geti la shule, au achari ya Mombasa, ulimi wake umeshazoea tamu, chachu, chumvi na kali kwa pamoja. Salsa inachoongeza ni kisu na subira.

Tuje kwenye kisu. Chukua maembe mawili makubwa yaliyoiva lakini bado yana ukakamavu, ukibonyeza kwa kidole yanarudi kidogo. Ngowe au boribo ni zuri. Embe lenye nyuzi nyingi, lile la kufyonza, liache lifyonzwe. Kwenye salsa nyuzi zinanasa kwenye meno. Kata mashavu mawili ya embe pembeni ya kokwa, chora mistari ya kukingamana kwenye nyama bila kutoboa ganda, kisha ligeuze ganda nje-ndani ili vipande visimame, uvikate kwa kisu. Kila kipande kiwe kama punje ya hindi bichi au kikubwa kidogo. Kipande kikiwa kikubwa unakula embe. Kikiwa kidogo mno unapata uji. Blenda isikaribie hapa. Blenda itakupa sosi ya embe, nayo ni nzuri, ila ni kitu kingine.

Kitunguu maji nusu, chekundu kikipatikana, kikatwe kidogo kuliko embe, kwa sababu hapa kitunguu ni kiungo. Hapo ndipo salsa ya matunda inapoachana na kachumbari: kwenye kachumbari kitunguu na nyanya ndio mwili wenyewe. Kioshe kwa maji ya chumvi kama unavyofanya siku zote, kisha ukisuuze. Kitunguu kikikatwa, seli zake zinapasuka na kutoa vitu vyenye salfa vinavyowasha macho na kuacha harufu kinywani. Maji huondoa sehemu kubwa ya vitu hivyo. Nyanya itakivumilia kitunguu. Embe halivumilii, litanuka kitunguu lote.

Pilipili niipendayo ni mbuzi, robo yake au nusu. Ni jamii moja na habanero ya Yucatán, na ukiipita ule ukali ina harufu ya tunda, ndiyo maana inaoana na embe. Pilipili kichaa inakupa moto tu. Wengi hutoa mbegu wakidhani ndizo kali, lakini kapsaisini, kitu kinachowasha, hukaa zaidi kwenye ule utando mweupe unaozishikilia mbegu. Ondoa utando, umepunguza ukali. Kapsaisini haiyeyuki kwenye maji bali kwenye mafuta, kwa hiyo salsa iliyozidi pilipili haiokolewi kwa kuongeza ndimu; tia parachichi lililokatwa vipande. Mikono ipakwe mafuta kidogo ya kupikia, kisha ioshwe kwa sabuni, kabla hujajisahau ukafikicha jicho.

Changanya embe, kitunguu, pilipili na konzi ya giligilani iliyokatwa. Wa Kenya mtaita dania, na kwingine pwani ni kotmiri. Ni majani yaleyale. Sasa simama hapo. Hapa ndipo nilipoharibu kule Tanga.

Chumvi huvuta maji. Ukiinyunyiza juu ya kipande cha embe, nje ya seli panakuwa na chumvi nyingi kuliko ndani, na maji ya ndani hutoka yakiifuata. Wataalamu huita osmosisi. Kidogo ni jambo jema, kwa sababu yale maji ndiyo yanayoyeyusha chumvi, yakabeba ndimu na pilipili, yakavifanya vipande vyote viwe na ladha moja. Bila chumvi una matunda yaliyokaa karibu na kitunguu, kila mmoja na lake. Lakini baada ya saa kadhaa tunda limekamuliwa. Kwa hiyo chumvi, kama nusu kijiko cha chai kwa maembe mawili, na maji ya ndimu moja au moja na nusu, vitiwe dakika 10 hadi 15 kabla ya kula. Kama wageni wanachelewa, na wageni huchelewa, acha bakuli kwenye friji bila chumvi na uwasubiri mlangoni.

Onja kwa kitu utakachoila nacho, si kwa kijiko kitupu. Salsa iliyo sawa peke yake mara nyingi inapooza ikifika kwenye nyama.

Ukishajua hilo, unaweza kubadilisha tunda. Nanasi linafaa sana, ila lina kimeng'enya kinachovunja protini, ndicho kinachochoma ulimi ukilila kwa wingi. Usiliache limelala juu ya samaki kwa muda mrefu, au nyama yake italainika ikawa kama tope. Papai, hasa likiwa bichi, lina cha kwake, ndiyo maana mpishi wa mishkaki hupaka papai bichi kwenye nyama ngumu. Nanasi ukilichoma kwanza kwenye mkaa, vipande vya duara, kimeng'enya kinakufa kwa moto na sukari inaungua kidogo pembeni. Kwa maoni yangu hiyo inashinda ya embe. Tikiti maji ni zaidi ya asilimia 90 maji, kwa hiyo liwekwe chumvi mezani kabisa. Pasheni hutiwa kama kiungo cha uchachu. Ndizi mbivu na stafeli sizitii, zinavurugika.

Kwenye meza ya wazi isikae zaidi ya saa mbili, hasa kwa joto la pwani. Kwenye friji, ikiwa imefunikwa, siku mbili. Kuna wanaouliza kama inaweza kufungwa kwenye chupa ikakaa kabatini. Hii mbichi, hapana. Chakula cha chupa kisicho na uchachu wa kutosha, yaani chenye pH zaidi ya 4.6, kinaweza kuotesha bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa sumu ya chakula unaoweza kuua, na uchachu wa embe hubadilika kutoka tunda moja hadi jingine kadiri lilivyoiva. Hiyo ni kazi ya usindikaji wenye vipimo, si ya kukisia.

Vipande vikiisha, chini ya bakuli hubaki mchuzi wa chumvi, embe na pilipili. Usiumwage. Mimina juu ya wali, kama shangazi.