Kumbukumbu ya sukari: mishipa ya damu haianzi upya

Mgonjwa wa kisukari akifanikiwa kushusha sukari mwezi huu, mishipa yake ya damu bado inabeba athari za miaka iliyopita, ziwe mbaya au nzuri. Hali hiyo ndiyo watafiti wanaiita kumbukumbu ya sukari. Ushahidi wake mzito ulipatikana baada ya utafiti kwisha, si wakati ukiendelea.

Utafiti huo ni DCCT, uliofanyika Marekani na Kanada kati ya 1983 na 1993. Watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilichoma insulini mara moja au mbili kwa siku, kama ilivyokuwa kawaida enzi hizo. Jingine lilichoma mara tatu au zaidi, au kutumia pampu, huku likijipima mara kwa mara. HbA1c, yaani kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu, ilikaa karibu asilimia 9 kwa kundi la kwanza na 7 kwa la pili. Miongoni mwa waliokuwa na macho mazima mwanzoni, udhibiti mkali ulipunguza uharibifu wa retina kwa asilimia 76.

Kisha wote wakahimizwa kufuata tiba ile kali, na baada ya miaka michache HbA1c za makundi hayo zikakutana karibu asilimia 8. Ajabu ni kwamba mishipa haikukutana. Mwaka 2005 ilibainika kuwa waliodhibiti sukari mapema walipata matukio ya magonjwa ya moyo na mishipa pungufu kwa asilimia 42. Nchini Uingereza, utafiti wa UKPDS uliwafuatilia watu wenye aina ya pili na kuona jambo kama hilo: tofauti ya HbA1c ilitoweka ndani ya mwaka mmoja baada ya majaribio, lakini miaka kumi baadaye faida kwa moyo ilikuwepo.

Kwa nini? Sehemu ya jibu ni kemia ileile inayolipa andazi rangi ya kahawia: sukari hunasa kwenye protini. Ikinasa kwenye chembe nyekundu ya damu si tatizo kubwa, maana chembe hiyo hufa baada ya siku 120 hivi. Lakini kolajeni, yaani protini inayojenga ukuta wa mshipa, hudumu miaka, na ikishashikwa na sukari huungana, ikakakamaa. Sukari nyingi pia huacha alama zinazoathiri jinsi jeni zinavyofanya kazi ndani ya seli za mishipa, na alama hizo zinaweza kubaki hata sukari ikishuka.

Lakini hii haina maana kwamba aliyechelewa afidie kwa pupa. Mwaka 2008, utafiti wa ACCORD wa Marekani na Kanada, uliohusisha watu 10,251 wenye aina ya pili, wengi wao wakiwa wameugua miaka mingi, ulisitisha tiba iliyolenga HbA1c chini ya asilimia 6 kwa sababu vifo viliongezeka. Ndiyo maana daktari mwangalifu hampangii mzee mwenye ugonjwa wa moyo lengo lilelile la kijana aliyegunduliwa juzi.

Shinikizo la damu nalo lina tabia tofauti. Ndani ya UKPDS hiyohiyo, wagonjwa walioshushiwa presha vizuri walipata kinga, ila tofauti ya presha kati ya makundi ilipopotea, kinga nayo haikudumu.